Jinsi ya kuchagua na kutembea njia za milimani na misituni karibu na jiji kubwa

Mlima ulio mbali humtia mtu hofu kabla hajaondoka nyumbani, kwa hiyo hujiandaa. Mlima ulio nyuma ya magorofa haumtishi mtu. Anatoka na chupa moja ya maji, raba zilizolika soli na simu yenye chaji nusu, maana akiwa juu bado anaona barabara na minara ya simu. Giza likiingia taa za mji huonekana karibu sana, na kati yake na taa hizo kuna genge la mita 200 ambalo mchana hakulitazama.

Njia ya karibu na jiji ina faida kubwa, ukiwamo usafiri wa umma, watu wengi na msaada usio mbali. Lakini mlima ni mlima, na hesabu zake hazipungui kwa sababu kuna kituo cha basi chini yake.

Kwanza jua ni njia ya aina gani

Kuna aina tatu, na watu wengi hupata shida kwa kuichukulia moja kama nyingine.

Aina ya kwanza ni njia za ndani ya mji: misitu ya hifadhi, kingo za mito, bustani kubwa. Msitu wa Karura jijini Nairobi ni mfano mzuri. Una zaidi ya hekta 1,000, una mageti, na makutano ya vijia yamepewa namba, hivyo mtu akipotea anachohitaji ni kusoma namba ya nguzo iliyo mbele yake. Katika njia za namna hii mwinuko si tatizo. Linalosumbua ni tope baada ya mvua, vijia vinavyofanana, na saa ya kufunga geti.

Ya pili ni njia ndefu zinazouzunguka mji, zilizogawanywa vipande. London ina mbili: Capital Ring, yenye kilomita 126 hivi na vipande 15, na London Loop, yenye kilomita 242 hivi na vipande 24. Kila kipande huanza na kuishia karibu na usafiri wa umma. Kwa anayeanza hatuoni njia bora kuliko hizi, kwa sababu unaweza kuacha katikati bila kumsumbua mtu. Ila usidhani kila njia yenye vipande ni tambarare. MacLehose ya Hong Kong, iliyofunguliwa mwaka 1979, ina kilomita 100 na vipande 10, na kimojawapo kinapanda Tai Mo Shan, mlima wa mita 957.

Aina ya tatu ni mlima wenyewe unaochomoza mjini: Table Mountain wa Cape Town (mita 1,086), Baegundae katika milima ya Bukhansan jijini Seoul (mita 836), Pico da Tijuca wa Rio de Janeiro (mita 1,021). Hapa urefu wa kilele peke yake unadanganya. Lion's Head, jirani wa Table Mountain, una mita 669 tu, lakini karibu na juu kuna ngazi za chuma na minyororo ya kushikilia. Baegundae nayo humaliza kwa mwamba mtupu wenye nyaya za chuma za kujivutia. Anayeogopa kimo atakwama pale hata kama ana mapafu ya mkimbiaji. Kwa hiyo kabla ya kuuliza mlima una mita ngapi, uliza kama kuna mahali pa kutumia mikono.

Kama hujazoea, anza na kilomita 8 hadi 10 za tambarare. Ukimaliza bila kuchoka sana, tafuta njia yenye mpando wa mita 300, kisha 600. Usiongeze umbali na mpando kwa mkupuo mmoja; ongeza kimoja, kingine kibaki palepale, ndipo utajua ni kipi kinachokushinda.

Hesabu inaanzia kwenye kurudi

Watu wengi hupanga saa ya kuondoka, kisha wakaacha saa ya kurudi ijipange yenyewe. Geuza mpango huo. Tafuta nyakati tatu: machweo, kufungwa kwa geti, na basi au treni ya mwisho. Inayotangulia kati ya hizo tatu ndiyo mwisho wa siku yako. Ondoa saa moja kwa ajili ya lolote litakalotokea, halafu hesabu kurudi nyuma.

Kwa muda wa kutembea, kanuni inayotumika hadi leo ni ya Mskoti William Naismith, ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, kisha saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kama mteremko wa kurudi ni mkali, ongeza dakika 10 kwa kila mita 300 za kushuka, maana watu hushuka polepole kuliko wanavyodhani.

Tuseme njia ni kilomita 14 kwenda na kurudi, yenye mpando wa mita 700 na mteremko mkali. Kilomita 14 ni saa 2 na dakika 48. Mita 700 za kupanda ni saa 1 na dakika 10. Kushuka kunaongeza dakika 23. Jumla ni kama saa 4 na dakika 20. Kanuni hii haihesabu kupumzika, kupiga picha, wala foleni kwenye ngazi, kwa hiyo ongeza robo: saa 5 na nusu. Kundi likizidi watu sita, au likiwa na wageni wa mambo haya, ongeza nusu badala ya robo. Mwendo wa kundi ni mwendo wa aliye nyuma kabisa.

Sasa, basi la mwisho ni saa 11:45 jioni na jua linazama saa 12:30. Basi ndilo linalotangulia. Ondoa saa moja, unapata 10:45. Ondoa saa 5 na nusu, unapata saa 5:15 asubuhi. Huo ndio mwisho wa kuanza kupanda. Mwenye busara ataanza saa 2.

Kama unarudi kwa njia uliyopandia, weka pia saa ya kugeuka. Katika mfano huo kushuka kunachukua saa 2 na dakika 15 hivi, kwa hiyo kwa hesabu kavu unaweza kugeuka saa 8:30 mchana. Usiiweke hapo. Aliyechelewa kupanda atachelewa kushuka pia, tena akiwa amechoka. Iweke saa 7:30, uwatangazie wenzako wote mkiwa bado chini. Ikifika saa 7:30, muwe mmefika kileleni au hamjafika, mnageuka. Uamuzi huu ukiachwa ufanyike juu, kilele kikiwa kinaonekana dakika 20 mbele, hautafanyika.

Majira na mahali hubadilisha hesabu nzima. Miji iliyo karibu na ikweta hupata takriban saa 12 za mchana mwaka mzima, lakini jua likishazama giza huingia upesi, ndani ya nusu saa. London mwezi Desemba mchana haufiki hata saa 8. Mwezi Juni unazidi 16. Njia iliyokuwa rahisi wakati wa kiangazi inaweza kukuacha gizani miezi sita baadaye.

Jambo jingine ni kutegemea chombo cha kushukia. Table Mountain umekuwa na gari la kebo tangu 1929, na kila mtu anayepanda kwa miguu hujiambia kwamba atashuka nalo. Upepo ukivuma kwa nguvu, gari hilo husimama. Panga kushuka kwa miguu. Gari likiwapo, ni bahati yako. Grouse Grind ya Vancouver ina sharti la kinyume: ni njia ya kupanda tu, kushuka nayo hairuhusiwi, na ukifika juu unateremshwa kwa kebo. Soma masharti kabla ya kufunga kamba za viatu.

Kuisoma ramani kabla ya kuikanyaga

Kwenye ramani ya skeli ya 1:50,000, sentimita 2 ni kilomita 1. Kwenye 1:25,000, ni sentimita 4. Hesabu mistari ya kontua, yaani ile inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, ambayo njia yako inaikata ndani ya kilomita moja, uizidishe kwa tofauti ya kimo kati ya mstari na mstari, iliyoandikwa pembeni mwa ramani. Mistari 5 ya mita 20 ni mita 100 kwa kilomita: utapanda huku ukizungumza. Mistari 15 ni mita 300: mazungumzo yamekwisha. Platteklip Gorge, njia inayopendwa zaidi na wanaopanda Table Mountain kwa mara ya kwanza, hupanda karibu mita 700 ndani ya kilomita 3 hivi, yaani ngazi za mawe mwanzo hadi mwisho. Ni fupi, na ufupi wake ndio unaowaponza watu.

Kontua zikichora V ambayo ncha yake inaelekea juu mlimani, hapo ni korongo. Ncha ikielekea chini, ni mgongo wa mlima. Jifunze kulitambua hili ukiwa nyumbani, kwa sababu siku ukipotea ndilo litakaloamua ushuke wapi na usishuke wapi.

Programu za simu zenye njia zilizopakiwa na watumiaji zinafaa, lakini mstari uliochorwa na mtu mmoja si njia rasmi. Huenda alipita kwenye shamba la mtu, au alikuwa amepotea yeye mwenyewe na simu yake ikaandika upotevu huo kwa uaminifu. Linganisha na ramani ya wasimamizi wa hifadhi. Mstari ambao haumo kwenye ramani ya pili usiufuate. Soma pia maoni ya wiki za karibuni: daraja lililosombwa na mvua huonekana kwenye maoni muda mrefu kabla ya kuonekana kwenye ramani.

Pakua ramani ukiwa na mtandao mzuri, kisha jaribu kuifungua simu ikiwa kwenye hali ya ndege. Ikifunguka, sawa. Ukiwa njiani iache simu kwenye hali hiyo hiyo. Kipokezi cha GPS husikiliza setilaiti tu, hakihitaji mtandao wa simu, ilhali simu inayohangaika kutafuta mnara bondeni huimaliza betri upesi. Betri hudhoofika kwenye baridi pia. Ibebe simu mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Miguu

Hapa ndipo safari nyingi huharibika, na karibu kila mara sababu ilikuwapo tangu nyumbani.

Njia kavu iliyochongwa vizuri haihitaji buti nzito. Raba zenye soli yenye meno makali zinatosha hadi kilomita 15. Buti zinazoshika kifundo zina maana kwenye mawe yaliyolegea, tope, au ukiwa na mzigo wa zaidi ya kilo 8. Vijaribu viatu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, ukiwa na soksi utakazovaa. Sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse: nyuma ya kisigino lazima paingie kidole kimoja cha mkono. Nafasi hiyo isipokuwapo, wakati wa kushuka vidole vitagonga mbele kwa kila hatua, na kucha zitakuwa nyeusi kabla ya kufika chini. Kata kucha siku mbili kabla, kwa mkato ulionyooka. Kucha iliyokatwa asubuhi ya safari huacha ncha inayochoma kidole cha jirani.

Buti zilizokaa kabatini miaka mingi zina hila yake. Kati ya ngozi ya juu na mpira wa chini kuna tabaka la povu, mara nyingi la poliyurethani. Povu hilo humenyuka na unyevu wa hewa polepole, kiatu kikivaliwa au kisivaliwe, na baada ya miaka kadhaa huoza kwa ndani. Kiatu kinaonekana kipya, ila kilomita ya tatu soli inabanduka nzima, na ya mguu wa pili haikawii kuifuata. Kipime nyumbani: kikunje kwa nguvu, kisha bonyeza povu kwa kidole gumba. Likipasuka au likitoa ungaunga, kitupe. Likikukuta njiani, zungushia soli na kiatu utepe imara au vibanio vya nailoni, kimoja mbele ya unyayo na kingine katikati, kisha rudi kwa njia fupi kuliko zote.

Soksi za pamba hushika jasho, na ngozi iliyolowa huchubuka haraka. Vaa za sufu laini au za nyuzi za kutengenezwa, na uwe na jozi ya akiba.

Lengelenge halitokei ghafla. Linaanza kama joto sehemu moja, mara nyingi kisigino au ubavu wa kidole gumba. Ukilihisi, simama hapohapo, hata kama kundi linakung'ang'aniza mwendelee kwa dakika kumi tu. Vua kiatu na soksi, kung'uta mchanga, ukaushe mguu. Kata plasta ya kitambaa yenye kuzidi sehemu hiyo kwa sentimita 2 kila upande, zungusha pembe zake kwa mkasi zisinase kwenye soksi, kisha ibandike bila mkunjo hata mmoja. Mkunjo utatoa lengelenge lake. Kama tayari limejaa maji na ni dogo, usilitoboe. Kata pedi nene yenye tundu katikati ili uzito ukae pembeni. Kama ni kubwa na bado una saa mbili za kutembea, litoboe ukingoni kwa sindano iliyosafishwa kwa dawa, kamua maji, uache ngozi ya juu ilivyo, funika.

Kamba za viatu pia zina majira yake. Unapopanda, legeza kidogo sehemu ya kifundo ili mguu ukunjike. Kabla ya kushuka, piga kisigino chini ili mguu urudi nyuma, kisha kaza kamba kuanzia katikati ya kiatu hadi juu. Kwenye matundu mawili ya mwisho, pitisha kila upande wa kamba kwenye tundu la upande uleule uwe kitanzi, halafu pitisha ncha ya kulia kwenye kitanzi cha kushoto na ya kushoto kwenye cha kulia, ndipo ukaze. Kisigino hakiinuki tena.

Maji, chumvi na joto

Kadiria nusu lita kwa saa kwenye ubaridi, hadi lita moja kwa saa kwenye jua kali na mpando. Safari ya saa 5 na nusu siku ya joto inataka lita 3 hadi 4, na lita moja ni kilo moja mgongoni. Ndiyo, ni mzigo mzito, na hapo ndipo watu hufanya ujanja wa kusema watachota mtoni. Mto uliopita kandokando ya mji una mengi zaidi ya vijidudu. Kuchemsha huua vijidudu, na vichujio vingi vya kubebeka huzuia tope na bakteria, ila havitoi mafuta ya magari wala kemikali za viwandani. Beba maji yako.

Kunywa kidogo kidogo kila dakika 15 au 20 badala ya nusu chupa kwa mara moja. Ukinywa maji matupu mengi kwa saa nyingi huku ukitoa jasho, chumvi ya damu hushuka, na dalili zake ni za kuchanganya: kichwa kuuma, kichefuchefu, vidole kuvimba. Mtu akiziona hudhani ni kiu akaongeza maji, hali ikawa mbaya zaidi. Baada ya saa ya pili, kila mnapokaa kula, kitu kimoja kiwe na chumvi.

Anayetoka jasho jingi, aliye dhaifu na mwenye kizunguzungu, mweke kivulini, ainue miguu, anywe taratibu. Lakini mtu aliyeanza kuongea ovyo, kuyumba au kukasirika bila sababu kwenye joto kali amepita hatua hiyo. Mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni kwa nguvu, na mpige simu ya msaada mara moja. Msisubiri aseme kwamba anaumwa, hatasema.

Begi lenyewe halihitaji maelezo marefu. Mbali na maji na chakula: koti jepesi la mvua, nguo moja ya joto, tochi ya kichwani hata kwa safari ya asubuhi, plasta na bandeji, filimbi, kofia, na betri ya akiba pamoja na waya wake. Waya ndio husahaulika.

Njiani

Nusu saa ya kwanza tembea polepole mpaka ujione mvivu. Ukishindwa kutamka sentensi nzima bila kuhema, umezidisha. Kwenye mpando mkali fupisha hatua, usipunguze idadi yake.

Alama hutofautiana. Katika Ufaransa na Hispania njia ndefu huonyeshwa kwa michirizi miwili ya rangi, mweupe juu na mwekundu chini, na msalaba wa rangi hizohizo maana yake si huku. Hong Kong huweka nguzo kila mita 500 kwenye njia zake ndefu, kila nguzo ikiwa na namba. Piga picha kila unayoipita, maana ukiumia ni namba hiyo utakayowasomea waokoaji. Popote ulipo, kama umepita dakika 15 bila kuona alama, na awali zilikuwa kila dakika tano, umekosea njiapanda. Rudi hadi alama ya mwisho. Kurudi dakika 15 kunauma, lakini ni nafuu kuliko yote yatakayofuata.

Kwenye njiapanda yoyote geuka utazame ulikotoka. Njia huonekana ngeni kabisa wakati wa kurudi.

Usikate kona za njia inayopinda-pinda kushuka. Si suala la adabu tu. Kijia cha mkato hunyooka na mteremko, mvua inayofuata hukigeuza mfereji, na udongo wa njia halisi huondoka nao. Msitu wa Tijuca ulipandwa upya kuanzia 1861, baada ya mashamba ya kahawa kuivua milima miti na vyanzo vya maji ya Rio kuanza kukauka. Udongo wa mteremko ulio juu ya jiji si wa kuchezea.

Ukipotea kweli, simama, kaa, kunywa maji, tazama ramani. Wazo la kwanza litakalokujia ni kufuata mto kwenda chini, kwa kuwa mji uko chini. Wazo hilo limewanasa wengi. Maji hushuka kwa njia fupi, nayo ni pamoja na maporomoko. Unateleza hatua mbili ambazo huwezi kuzipanda tena, na mbele kuna genge. Korongoni simu haishiki na hakuna anayekuona. Kama huwezi kurudi ulikotoka, panda kuelekea mgongo wa mlima: huko kuna mtandao, kuna kuonekana, na mara nyingi kuna njia.

Hali ya hewa ya juu si ya mjini. Kila mita 100 unazopanda, joto hushuka kwa karibu nyuzi 0.65, kwa hiyo mita 800 juu ni nyuzi 5 chini kabla hata upepo haujaanza. Kuhusu radi, hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo. Kila sekunde 3 ni kilomita moja. Zikifika 30 au chini ya hapo, ondoka kwenye kilele na migongo, achana na mti uliosimama peke yake, nyaya na ngazi za chuma, na usirudi juu mpaka zipite dakika 30 bila ngurumo.

Uhalifu nao ni hatari ya njia za karibu na mji kuliko za porini. Nenda siku na saa ambazo wengine wanatembea, mkiwa wanne au zaidi, na umuulize mlinzi wa getini ni sehemu gani haipitwi wiki hii. Watu wa pale wanajua. Simu na kamera zikae begini mkikaribia maegesho, daraja au mahali njia inapokutana na barabara. Huko ndiko wezi hungojea, kwa kuwa wana pa kukimbilia.

Mwachie mtu wa nyumbani jina la njia, mahali pa kuanzia na kumalizia, na saa ambayo asipokusikia apige simu. Muda huo uwe saa mbili baada ya ule unaotegemea kufika, asije akaamsha kikosi kwa sababu basi lilichelewa. Jua namba ya dharura ya mahali ulipo. 112 hufanya kazi kwenye mitandao ya nchi nyingi. Ukipata mtu, anza na mahali ulipo, maana simu inaweza kukatika: namba za GPS, jina la njia, nguzo ya mwisho. Kisha idadi ya watu, jeraha, na nguo zenu ni za rangi gani. Bila mtandao, tumia filimbi: milio sita ndani ya dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Ukijibiwa kwa milio mitatu, umesikika. Endelea kupuliza hata baada ya hapo, ili wafuate sauti.

Ukifika nyumbani

Kagua kupe nyuma ya magoti, kinenani, kwapani na kwenye nywele. Nyasi za bustani ya mjini zinao kama za porini. Aliyenasa mshike kwa kibanio chembamba karibu kabisa na ngozi, umvute kwa kunyooka, bila kumzungusha, bila mafuta wala moto. Ukipata homa au upele ndani ya wiki chache zinazofuata, mweleze daktari kwamba uling'atwa na kupe.

Safisha soli kwa brashi kabla tope halijakauka, kwa sababu mbegu na vimelea vya udongo husafiri humo hadi msitu mwingine. Toa soli za ndani, jaza magazeti, uyabadilishe baada ya saa chache. Usiviweke viatu karibu na moto, juu ya jiko wala kwenye jua kali: gundi hulainika, ngozi hukakamaa. Viache kivulini penye upepo, kamba zikiwa zimelegezwa.